Sanda ya Bibi na Muhuri wa Kijiji

Wanaosema serikali ya kijiji haikuwa ikifanya kazi hawajawahi kukaa ndani ya kikao chake. Ilifanya kazi sana. Mimi nilikaa mle miaka ya mwanzo ya themanini, mjumbe halali wa halmashauri ya kijiji, na sijaona tena watu wakitoka jasho vile bila kushika jembe. Tulikutana katika ghala la zamani la korosho, kando ya njia iendayo Magindu, chini ya bati lililokuwa linatoa joto la tanuri, tumebanana kwenye mabenchi ya kuazima shuleni. Tulifungua kikao. Tulithibitisha ajenda. Tulisoma kumbukumbu za kikao kilichopita, ambazo nusu yake zilieleza jinsi tulivyosoma kumbukumbu za kikao kilichotangulia. Kisha tuliingia kwenye yatokanayo, na humo ndimo jua lilimotuchwea.

Niliingiaje mle? Agizo lilishuka kwamba lazima wanawake wawemo. Wakatafuta wawili. Wa kwanza alikuwa mke wa mwenyekiti, ambaye hakuwahi kusema neno kikaoni kwa sababu alikuwa ameshayasema yote nyumbani. Wa pili nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeachika, nimerudi kuishi na bibi yangu mzaa mama, najua kusoma na kuandika, na nilikuwa na mdomo. Nadhani walifikiri ukimpa kiti mwanamke mwenye mdomo, atashughulika na kiti. Wakanitia katika Kamati ya Elimu, Utamaduni na Ustawi wa Jamii, kamati yenye jina refu kuliko zote, na kazi yake halisi ilikuwa kuwapikia wageni.

Mwenyekiti alikuwa mtu mnene, mpole wa sura, na dawa yake ya kila swali ilikuwa moja: “Hilo tumelipokea.” Ukimwambia kisima kimekauka, hilo tumelipokea. Ukimwambia ngedere wamemaliza mahindi, hilo tumelipokea. Tulipokea mambo mengi sana miaka ile, na sijui tuliyaweka wapi.

Lakini mwenye kijiji hasa alikuwa katibu. Mwembamba, kola imefungwa hadi kifungo cha juu, na hakuwa anatembea bila kikopo cha maziwa ya unga. Ndani ya kikopo, umeviringishwa kwenye leso, ulikaa muhuri wa kijiji, na pembeni yake kibweta cha wino wa zambarau. Shule ilikosa chaki. Zahanati ilikosa klorokwini, ukienda na homa unapewa pole. Wino wa katibu haukukosekana hata siku moja. Ukitaka kupiga ngoma ya mwali, muhuri. Ukitaka kupeleka kuku wako watatu Mlandizi ukawauze, muhuri. Kabla ya kuugonga aliupulizia pumzi ya moto, akafumba macho kidogo, kisha akaushusha kwa kishindo. Nimewahi kuona watu wakisali kwa pupa kuliko alivyopiga muhuri yule bwana.

Sasa niseme habari ya bibi.

Bibi yangu alikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli, na ndani ya sanduku alikuwa na sanda yake. Kwetu hili si ajabu. Mzee anayejiheshimu hangoji afe ndipo watoto waanze kukimbizana kutafuta nguo ya kumzikia. Anajinunulia mwenyewe, kwa jasho lake, anaiweka. Ya bibi ilikuwa bafta nyeupe, ya kutosha nguo zote tano za maiti wa kike, aliyoinunua Kisarawe alipokwenda kumwangalia dada yake, kwa fedha ya korosho zake mwenyewe, zamani, wakati maduka bado yana vitu. Aliikunja na vipande vya karafuu maiti na udi. Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, aliitoa, akaianika kwenye kamba nyuma ya nyumba asubuhi moja, akakaa chini kuilinda kuku wasiipitie, kisha akairudisha. Siku hiyo alikuwa na furaha. Aliimba nyimbo za harusi. Nikimcheka ananiambia, “Cheka tu, mke mwenzangu. Wewe ulikwenda kwa mume na sanduku la kuazima, ndiyo maana ukarudi. Mimi naenda na la kwangu.”

Rafiki yake mkubwa alikuwa jirani yetu, mwanamke wa Kinyamwezi aliyekuja pwani na mumewe kwenye mashamba ya mkonge, mume akafa, yeye akabaki. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na wale wawili walitaniana mpaka mgeni akadhani wanagombana. Mtani aliikodolea macho ile sanda kwenye kamba na kusema, “Ukichelewa kufa, naivaa mimi.” Bibi akamjibu, “Haikutoshi. Hii ya watu waliostaarabika.”

Baada ya vita vya Kagera nguo ziliadimika. Duka la kijiji likileta kitenge, kinaishia kwa wake za wajumbe kabla gari halijapoa. Ndipo mzee mmoja wa mtaa wa pili akafariki, na sanda haikupatikana, si kwetu, si Mlandizi, si kokote. Akazikwa kwa shuka la maua mekundu. Mtu aliyewaadhinia watu msikitini maisha yake yote, akaenda kwa Mola wake kama godoro la nyumba ya wageni. Bibi alirudi kutoka msibani. Akafungua sanduku, akaweka mkono juu ya bafta yake. Aliniambia, “Mimi nimefukuzwa mashambani kwangu walipotuhamishia vijijini, nikaletwa hapa barabarani, nikanyamaza. Minazi yangu imebaki porini, nikanyamaza. Kitu kimoja tu naomba. Nisizikwe kwa kitu cha kuomba.”

Basi likaja agizo la kuwasaka walanguzi. Bidhaa zimefichwa, tuliambiwa, na kila kijiji kiwafichue wafichaji wake. Halmashauri ilipitisha kwa kauli moja, jambo ambalo katibu alikuwa ameshaliandika kabla hatujaketi.

Kijijini kwetu kila mtu alijua sukari iko wapi. Ilikuwa kwa shemeji yake mwenyekiti, magunia kwa magunia, nyuma ya pazia la chumba cha watoto. Lakini shemeji alipata habari kabla ya mgambo kupata chai, na mgambo walipofika walikuta watoto wamelala kwenye sakafu safi iliyofagiliwa. Kwa hiyo wakashuka kwetu sisi wengine. Kwa mwalimu walikuta vipande vya sabuni. Kwa fundi baiskeli walikuta tairi. Kwetu waliingia saa za kupika mchana, watatu, wakiongozwa na kijana ambaye bibi ndiye aliyempokea siku aliyozaliwa.

“Shikamoo, bibi,” alisema kijana.

“Marahaba, mwanangu. Karibuni. Kuna mihogo.”

“Ahsante, bibi. Tumekuja kupekua.”

Wakapekua. Walitikisa vibuyu, wakanusa mtungi, wakafungua sanduku. Kijana akainyanyua bafta juu, ikafunguka mpaka chini, na nyumba yote ikanukia msiba.

“Bibi, kitambaa chote hiki cha nini?”

“Cha kufia.”

“Unaumwa?”

“Siumwi. Alhamdulillahi.”

Kijana akawatazama wenzake, akarudi kwa bibi na sura ya mtu aliyeshika mwizi. “Sasa bibi, kama huumwi, kwa nini una sanda? Watu wamekufa juzi hapa wamekosa, na wewe mzima unayo. Ndiyo kulimbikiza huko.”

Hayo nilisimuliwa, maana mimi nilipofika kutoka kisimani walikuwa wameshaondoka nayo. Bibi alikuwa amekaa juu ya kifuniko cha sanduku kana kwamba bado lina kitu. Hakulia. Aliniuliza tu kama ni kweli kwamba mtu akiwa mzima haruhusiwi kuwa na sanda. Nilivaa ushungi wangu nikaenda ghalani, na nilimkuta katibu tayari amekunjua pembe ya bafta mezani, anapulizia muhuri. Akaugonga juu ya bafta. Ili isipotee, alisema. Sasa ilikuwa mali ya kijiji.

Nilitukana. Sitaandika nilivyosema, maana wajukuu wangu wanajua kusoma. Katibu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, “Ndugu mjumbe, lete hoja yako kikaoni.”

Nikaileta. Mwenyekiti akasema hilo tumelipokea, na akaliweka kwenye mengineyo. Asiyejua vikao nimweleze: mengineyo ni ajenda ya mwisho, ile inayowekwa ili watu wasiseme hawakupewa nafasi. Siku hiyo tulijadili sana kama mbao za matangazo zipakwe rangi ya kijani au zibaki, na tulipokaribia mengineyo ikaadhiniwa magharibi. Kikao kikafungwa kwa ajili ya sala. Kila mmoja alitoka na haraka ya mcha Mungu, hata mjumbe wetu mmoja Mkatoliki.

Kikao kilichofuata nilikwenda nimejifunga kanga kiunoni. Hoja ikafunguliwa, na badala ya kuuliza kama sanda irudishwe, wakaanza kuuliza sanda ni ya kamati gani. Mjumbe wa Ulinzi na Usalama alisema iliyokamata ni Ulinzi, kwa hiyo ni ya Ulinzi. Wa Uzalishaji na Masoko akasema kitambaa ni bidhaa, na bidhaa ni za Masoko. Wa Fedha na Mipango, mtu niliyekuwa namheshimu kidogo mpaka siku ile, akasema kwa uso mkavu kwamba kifo cha bibi ni jambo la baadaye, na mambo ya baadaye yote ni ya Mipango. Wakamgeukia na kuitikia kwa vichwa, wamevutiwa. Nikasema maiti ni ustawi wa jamii, ni wa kamati yangu. Wakacheka, wakasema kamati yangu ishughulike na chai.

“Ndugu Mwenyekiti,” nikasema, “kile kitambaa kina mwenyewe. Anaishi, yuko nyumbani, anakijua kila uzi. Tunajadili nini?”

“Ndugu mjumbe, punguza jazba,” alisema mwenyekiti. “Hakuna aliyemnyima bibi. Bibi ni mama yetu sote. Atapewa siku atakapotimiza sharti.”

“Sharti gani?”

Mwenyekiti akamtazama katibu. Katibu akatazama karatasi yake, kana kwamba sharti lenyewe limeandikwa pale, akasema, “Kufa.”

Hakucheka. Hakuna aliyecheka. Mjumbe mmoja aliunga mkono hoja.

Nilirudi nyumbani njia nzima nikisema peke yangu. Bibi alikuwa kizingitini anachambua kunde pamoja na mtani.

“Wamesemaje, mke mwenzangu?”

“Wamesema ufe kwanza.”

Mtani alicheka mpaka akamwaga ungo. Bibi naye akacheka, akakohoa, akacheka tena. Kisha akaacha ghafla. “Nikishakufa,” alisema, “nitakwenda kudai na miguu gani?” Hakuuliza kwa utani. Usiku ule hakula, na kuanzia hapo nilimwona ameanza kuzeeka. Kabla ya hapo alikuwa mzee tu.

Basi hali ikawa hiyo. Mimi napeleka hoja, wao wanaipokea. Bibi akawa haniulizi tena wamesemaje, ananitazama tu ninavyovua viatu, na mimi nikawa navua viatu huku nimempa mgongo. Niliogopa jambo moja: afariki katikati ya wiki, wakati katibu yuko safarini na ufunguo wa ghala, nasi tukamzika kwa pazia.

Lililotuokoa halikuwa hoja yangu. Lilikuwa pilau.

Mgeni alikuwa anakuja kutoka wilayani kukagua maendeleo. Kijiji cha jirani kilimpokea kwa meza kuu iliyotandikwa nguo nyeupe, habari hizo zikamfikia mwenyekiti, naye hakuweza kulala. Kamati yangu ikaamriwa kupika. Kuku walichangwa kwa nguvu, mchele ukapatikana, sukari ikapatikana pia, na hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Tulipika tangu alfajiri nyuma ya ghala, moshi machoni, wakati mbele wanaume wanapanga viti na kuvipangua. Kwa hiyo sikuona meza inatandikwa. Naapa sikuona.

Nilitoka na sinia la pilau kichwani, nikapita katikati ya ngoma na vigelegele mpaka meza kuu. Nikainama kulishusha. Pilau ilikuwa inanukia bizari na mdalasini, lakini chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya baridi, ninayoijua tangu utotoni. Nikatazama meza. Bafta. Mikunjo yake ile ile ya miaka yote ya sandukuni bado inaonekana. Walikuwa wameshamwaga soda juu yake, na mbele ya mwenyekiti palikuwa na doa la mchuzi.

Sikuwahi kufungua mdomo. Mgeni alinitangulia. Alikuwa mtu mzima wa Kiislamu, kofia ya kazi ya mkono, mtaratibu. Alikuwa ameshanawa, ameshasema bismillahi, mkono uko njiani kuelekea sinia, ukasimama. Akanusa. Akageuza uso kulia, akageuza kushoto.

“Ndugu Mwenyekiti, samahani. Kuna maiti humu?”

“Hapana, ndugu mgeni,” mwenyekiti alijibu kwa tabasamu pana. “Ni kuku.”

Mgeni akashika pembe ya nguo ya meza, akaipeleka puani. Palepale akauona muhuri, mkubwa, wa zambarau, jina la kijiji likizunguka. Akasimama. Ngoma zikafa moja baada ya nyingine. “Hii ni nini?” aliuliza, na kwa mara ya kwanza tangu niwajue, mwenyekiti hakusema hilo tumelipokea, na katibu hakuwa na karatasi ya kutazama.

Nikasema mimi. Nilisema, “Ni sanda ya bibi yangu, ndugu mgeni. Mmekaribishwa chakula juu yake.”

Hakula. Aliitisha maji, akanawa tena, mpaka viwiko. Hapo hapo akaamuru irudishwe kwa mwenyewe kabla gari lake halijaondoka, na kuhusu muhuri akamwambia katibu maneno makali mbele ya watu: kwamba muhuri wa serikali si wa kugongwa ovyo, na kuanzia leo kila unapogongwa awe anaweza kueleza uko wapi na kwa nini. Shika maneno hayo, maana katibu aliyashika kuliko ilivyofaa. Mwenyekiti, kwa upande wake, alimweleza mgeni kwamba halmashauri ilikuwa imeshaamua kuirudisha sanda hiyo. Wajumbe wote waliitikia kwa kichwa. Pilau waliila wao, mgeni alipoondoka.

Niliifua mimi na mtani. Soda ilitoka. Mchuzi ulitoka kwa ndimu, chumvi na jua la siku nyingi. Muhuri haukutoka. Tuliusugua kwa majivu, tukausugua kwa sabuni ya mwalimu, ukazidi kung’aa kana kwamba tunausafisha. Bibi akasema tuache, tutatoboa nguo. Alikaa na ile pembe mapajani, akaipitisha kidole duara zima.

“Sasa ndiyo nitakwenda hivi?” alisema. “Malaika waniulize Mola wako ni nani, niwaonyeshe muhuri wa katibu?”

“Una bahati,” alisema mtani. “Sisi tutapanga foleni. Wewe una kibali.”

Safari hii bibi hakucheka. Aliikunja, akafunga sanduku, na ufunguo akauvaa shingoni. Lakini jioni niliwasikia wawili hao wananong’ona uani, na baadaye nikasikia bibi anacheka, kicheko kile cha siku ya kuanika sanda. Nilipouliza wanacheka nini, wakanyamaza kama watoto.

Alifariki vuli ilipoanza, alfajiri, baada ya kuomba maji ya kunywa. Sisemi zaidi ya hapo. Alikuwa ndiye mama yangu, ndiye baba yangu, na nikamlilia kwa sauti bila kujali wanaosema kulia kwa sauti haifai. Kabla ya adhuhuri uwanja wetu ulikuwa umejaa. Wanaume walikaa kwenye mikeka chini ya banda la makuti, na kati yao walikuwamo karibu wajumbe wote wa halmashauri, maana msiba wa kijiji wanaujua, siwanyimi hilo. Ndani, mtani na wanawake wengine wawili walikuwa wanaosha maiti. Sanda ilikuwa imeshakatwa.

Ndipo katibu akanijia mlangoni, kikopo mkononi.

“Pole sana, ndugu mjumbe. Kazi ya Mungu haina makosa.”

“Tumeshapoa.”

“Kuna jambo dogo. Ile pembe yenye muhuri. Ingefaa ikatwe, nibaki nayo.”

Nilidhani huzuni imeniharibu masikio. “Nikate sanda ya bibi yangu?”

“Kipande kidogo tu. Unakumbuka agizo la mgeni. Lazima nieleze muhuri uko wapi. Muhuri wa serikali hauzikwi, ndugu mjumbe. Hakuna utaratibu.”

“Nani atakwenda kuukagua kaburini?”

Alifikiri. Wallahi alifikiri. “Hilo si la kwangu kusema,” alijibu.

Mtani akatoka, mikono inachuruzika maji, kanga kiunoni. Akamtazama katibu kuanzia kofia mpaka viatu. “Unataka kipande? Ingia ukate mwenyewe.” Katibu akarudi nyuma, kwani mwanamume hasogei mahali maiti wa kike anapooshwa, hata awe na mihuri mingapi. Akaenda kwenye mikeka, akamwinamia mwenyekiti sikioni.

Na hapo, msomaji, nilishuhudia jambo ambalo nikilisimulia Mbwawa ninakoishi sasa, vijana wanadhani natunga. Mwenyekiti alipepesa macho juu ya mikeka, akawahesabu wajumbe wake, akaona akidi imetimia. Akafungua kikao cha dharura. Pale pale, msibani, bibi yangu yuko nyuma ya ukuta. Nilisikia kila neno. Mmoja alisema muhuri ukishagongwa kwenye kitambaa, kitambaa kinakuwa waraka. Mwingine akauliza kama waraka unaweza kuzikwa. Wa Mipango akapendekeza iundwe kamati ndogo iende wilayani kuomba mwongozo, na maiti isubiri. “Isubiri wapi?” aliuliza mtu. “Hilo tumelipokea,” alisema mwenyekiti.

Nilisimama mlangoni nikiwa na hasira iliyonikausha machozi. Nilikuwa natafuta mchi.

Lakini jeneza likatoka. Kina mama walikuwa wamemaliza, wanaume wa ukoo wameingia wamelinyanyua, na sauti ya la ilaha illallah ikapanda uwanjani. Kwetu jeneza likipita hukai. Kulibeba, hata hatua chache, ni thawabu, na hakuna mtu anayetaka kuonekana ameikataa mbele ya kijiji. Mjumbe wa Masoko alikuwa katikati ya sentensi. Akaiacha, akainuka, akatia bega. Wa Ulinzi akainuka. Kijana wa mgambo aliyeibeba sanda ile kutoka nyumbani kwetu alipenya katikati ya watu akaomba nafasi, akapewa, akabeba analia. Mjumbe Mkatoliki akavua kofia akafuata. Wa Mipango alisitasita kidogo, akamtazama mwenyekiti, akatazama jeneza, akaenda. Mikeka ikabaki mitupu.

“Ndugu Mwenyekiti,” alisema katibu, “akidi imevunjika.”

Mwenyekiti alivaa viatu vyake.  Akakimbilia jeneza kwa mwendo wa watu wanene, mkono mmoja umeshika kofia.

Katibu akabaki peke yake uwanjani na kikopo chake. Jeneza lilikuwa limeshafika kwenye mikorosho, kwenye njia ya makaburini, na msafara unazidi kunyooka. Akarudi mlangoni kwetu, sauti imepungua.

“Basi angalau nijue umekaa sehemu gani. Niandike nini?”

Mtani alikuwa anajifuta mikono. Alimjibu taratibu, kama mtu anayemsomea mwanafunzi imla.

“Andika muhuri uko chini ya nyayo za mtani wangu, nusu kulia na nusu kushoto. Kaniagiza mwenyewe tangu siku mliyomrudishia nguo yake. Alisema mmemkalia kichwani vya kutosha, huko aendako atawakanyaga.”

 Katibu akatia kikopo kwapani, akalifuata jeneza.